Kabla Hujasema "Ni Kweli"

Tela lile halikuwa langu, mwanangu. Nililijua hilo siku tatu baada ya kulipa faini, nikiwa nimeshashusha mzigo Kariakoo, nimeoga na nimelala.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa kijana wa miaka 28, na haraka zako zote nilikuwa nazo. Nimepakia nyanya Ilula, nateremka nazo Dar es Salaam. Unazijua nyanya. Hazina subira. Ukilala nazo njiani usiku mmoja, za chini zinaanza kutoa maji, na tajiri anakata kwenye posho yako. Kwenye kituo kimoja cha ukaguzi tulisimamishwa malori manne kwa pamoja, yamebanana kama ng'ombe kwenye josho. Askari akasema tela langu lina matairi vipara. Sikushuka hata kuangalia. Nilikuwa naangalia jua.

Kesho yake asubuhi nikafikishwa mahakama ya wilaya. Karani akasoma hati ya mashtaka. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, akanifasiria kwa Kiswahili cha mbio. Hakimu akaniuliza kama ni kweli au si kweli. Nikajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Mwendesha mashtaka, ambaye sisi madereva tulimwita PP, akasoma maelezo ya kosa. Nikaulizwa kama nayakubali. Nikasema nayakubali. Nusu yake sikuwa nimeyasikia. Masikio yangu yalikuwa nje, chini ya turubai la lori. Nikatozwa faini, nikalipa, nikawasha gari. Jambo zima halikufika nusu saa. Nilijiona mjanja.

Siku tatu baadaye karani wa tajiri akaikunjua ile karatasi niliyokuwa nimeikunja mfukoni. Yeye Kiingereza alikijua. Akaniuliza, "Hili tela ni la nani?" Namba iliyoandikwa haikuwa yetu. Tela letu lilikuwa na matairi mapya, yamefungwa mwezi uliopita, na risiti ya dukani ilikuwa kwenye faili pale pale mezani. Mwenye vipara alikuwa mwenzangu aliyesimama nyuma yangu. Mimi nilikiri kosa la mtu mwingine, kwa kinywa changu, mbele ya hakimu, kwa sababu ya nyanya.

Tajiri alikuwa na ndugu yake wakili. Nikamwendea na karatasi yangu na hasira zangu. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijibu nini?" Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa ilikuwa safi. Kisha akanieleza kwamba sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai haimpi mtu aliyekiri kosa rufaa ya kupinga hatia yake. Anaweza kulalamikia adhabu, kwamba imezidi au si halali. Kuna vijimlango vya pembeni, kwa mfano kama jibu lako halikuwa la wazi, lakini kuvigonga kunahitaji wakili, na wakili naye ana watoto. Faini yangu ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kwenda kuipinga.

Akanitajia na kesi moja ya zamani, Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mawakili huitaja mpaka leo. Inasema shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha maelezo ya kosa yasomwe, naye aulizwe kama anayakubali, anayapinga, au ana la kuongeza. Akipinga jambo la msingi, lile jibu la kukiri linabadilishwa, kesi inasikilizwa.

Unaona, mwanangu? Nilipewa nafasi mbili za kusema, "Ngoja kwanza, mheshimiwa, naomba kuona namba ya hilo tela." Nikazipita zote mbili bila kugusa breki.

Sasa tuzungumze habari ya karatasi yako.

Najua wewe hukupelekwa popote. Siku hizi askari ana mashine mkononi. Anabonyeza, karatasi inatoka, shilingi 30,000 na namba ya malipo. Unalipa kwa simu ukiwa bado umekaa kwenye usukani. Sheria yenyewe ni ile ile, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kilichobadilika ni kwamba zamani angalau kulikuwa na benchi la mahakama la kukukalisha chini ukafikiri, kama ungetaka kufikiri. Leo benchi hakuna.

Lakini karatasi ile si hukumu. Trafiki si hakimu. Ile ni njia ya mkato aliyowekewa mtu anayekubali kwamba amekosa: lipa, nenda zako, tusisumbuane. Kuilipa ni kusema "ni kweli" kwa kidole. Usipokubali, una haki ya kusema hapo hapo, "Afande, hili silikubali, naomba liende mahakamani." Sema kwa adabu. Afande yule naye amesimama juani tangu alfajiri, na huenda ndiye atakayekuwa shahidi. Ukimtukana leo, atakukumbuka vizuri mno siku ya kesi.

Nawasikia mkibishana kijiweni. Mmoja anasema, "Nalipa yaishe." Mwingine anapiga meza, "Tutaonana mahakamani!" Mnadhani mnapingana. Kwangu mimi ni haraka ile ile. Mmoja anakimbilia amani, mwingine anakimbilia ugomvi, na hakuna aliyeisoma karatasi.

Kuna na jambo la tatu, mnalolisema kwa sauti ya chini: tumalizane hapa hapa. Nami nimelisema. Nimetoa ya maji, nimetoa ya soda, mwaka mmoja nilitoa ya ada ya mtoto wa askari, na hata sijui kama alikuwa na mtoto. Sikuambii kwa kujisifu. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. Na aliyekwisha toa hana tena mdomo wa kusema alionewa. Tuliache hilo.

Kitu cha kwanza ni kujiuliza mwenyewe, umezima gari, umenyamaza: nimekosa au sikukosa? Kama umekosa, lipa. Mahakama si mahali pa kwenda kutibu kiburi. Nakuambia kwa sababu mimi nilikwenda.

Ilikuwa mwaka 1997. Nilishtakiwa kwa mwendo kasi, na ni kweli nilikuwa nakimbia. Asubuhi ile nilikuwa nimegombana na mama yenu, nikatoka nyumbani bila chai. Safari hii nikajiambia, sitasema "ni kweli" tena maishani mwangu. Nikakana. Kesi ikapangiwa tarehe, nikadhaminiwa na shemeji yangu. Maskini, alikwenda kuomba barua ya serikali ya mtaa, akatoa kitambulisho chake, akasaini. Tarehe ilipofika mimi nilikuwa Tunduma na mzigo. Nilidhani wataelewa. Mahakama ikatoa hati ya kunikamata, na shemeji akaitwa aeleze mtu wake yuko wapi. Mpaka leo tukikaa kwenye harusi hunisukumia kiti cha karibu na mlango, anasema, "Huyu hukimbia." Watu hucheka. Mimi hucheka pia, lakini si sana.

Siku ya ushahidi askari alisimama akaeleza. Hakimu akaniambia ninaweza kumhoji shahidi. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma kama mawakili niliowaona. Nikamuuliza, "Wewe ulijuaje kwamba nilikuwa nakimbia?" Akajibu taratibu, "Nilikufuata kwa pikipiki, nikakupungia mkono mara mbili, nawe ukanipungia." Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hata hakimu aliinamia faili lake.

Nikatiwa hatiani. Kabla ya adhabu PP akaulizwa kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Akafunua karatasi. Kumbe ile "ni kweli" ya nyanya ilikuwa bado hai, imehifadhiwa vizuri, inanisubiri. Nikasikia ikisomwa kwa sauti: matairi vipara, 1991. Nilitaka kusema tela lile halikuwa langu. Nani angenisikiliza?

Basi iliyobaki ni ile ya mwaka 2004. Hiyo ndiyo nataka uisikilize kwa makini, maana ndiyo pekee niliyoiendesha kama mtu mzima.

Nilipigwa tochi kwenye kijiji kimoja kando ya barabara ya Mbeya. Ikasoma 72. Askari akasema hapa ni 50. Moyo wangu ukaruka, maana njia ile naijua, na sikuwa nimeona kibao. Nikashuka. Nikaomba kuiona tochi. Ilikuwa 72 kweli. Sikuibishia. Nikamwambia, "Afande, 72 naikubali. Kibao cha 50 ndicho sikukiona." Nikamwomba jina lake, nikalisoma pamoja na namba yake ya jeshi pale kifuani, nikaandika kwenye pakiti ya sigara ya utingo wangu. Nikaandika saa. Nikaandika kwamba palikuwa na mwembe na kibanda cha mahindi. Utingo akaniuliza kama nimekuwa mwandishi wa habari.

Tulirudi kwa mguu mpaka mwanzo wa kijiji. Kibao hakikuwepo. Palikuwa na shimo tu, na saruji iliyovunjika. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akatuambia mafundi wa barabara walikiondoa walipokuwa wakipanua bega la barabara, na wameondoka bila kukirudisha. Nikamwomba aje kusema hayo mahakamani. Akacheka. "Nani atachoma mahindi yangu?" Siku ya pili nilirudi na mpiga picha kutoka mjini, akapiga lile shimo pande zote. Nilimlipa kabla hata hajasafisha picha. Huo nao ulikuwa ujinga, lakini alikuwa mwaminifu.

Kituoni nilichukuliwa maelezo. Niliyasoma yote kabla ya kusaini. Yalichukua muda, na mwandishi wa maelezo alikuwa akigonga kalamu mezani. Nikamwacha agonge.

Halafu nikafanya kosa ambalo vijana wengi mtalifanya. Niliambiwa kesi itatajwa tarehe fulani. Nikakodi gari dogo, nikambeba mama wa mahindi, nikamlipa mahindi yake ya siku nzima, nikambeba mpiga picha, nikambeba utingo. Tukavaa vizuri. Jina langu likaitwa, nikasema nipo, PP akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akapanga tarehe nyingine. Dakika mbili. Mama wa mahindi akaniuliza, "Ndiyo imekwisha?" Kutajwa ni kutajwa tu, mwanangu. Unaonekana, unapewa tarehe, unaondoka. Mashahidi huhitajika siku ya kusikilizwa. Muulize karani kabla hujatoka mlangoni, na uandike anachokujibu.

Kesi ikapigwa kalenda mara kadhaa. Mara hakimu yuko likizo, mara shahidi hakufika. Siku moja hakimu akachoka, akaniachia kwa sababu upande wa mashtaka haukuleta shahidi. Nilitoka pale nikanunua supu ya watu sita. Wiki chache baadaye nikaitwa kituoni, nikashtakiwa upya. Nilipofoka karani wa mahakama akanieleza kwa upole: kuachiwa namna ile si kuachiwa huru. Mashahidi wakipatikana, shtaka laweza kurudi. Supu ilikuwa imeshaliwa.

Siku ya kusikilizwa ilipofika, nilikuwa na maswali matatu kwenye kipande cha karatasi. Hakuna hata moja lililoanza na "ulijuaje". Nilimuuliza askari alisimama upande gani wa kijiji. Akasema. Nikamuuliza kibao cha 50 kiko umbali gani na pale aliposimama. Akasema kama mita 300. Nikamuuliza kama siku ile alikiona kwa macho yake. Akanyamaza. Angeweza kusema alikiona, na mimi ningebaki na shimo langu. Akasema, "Siku ile sikukiona. Nilijua kipo." Hakimu akaandika. Nilikuwa na swali la nne limekaa ulimini, zuri, la kumkomesha. Nikalimeza, nikakaa chini.

Mungu ambariki askari yule popote alipo. Nimesimulia kesi hii mara nyingi kama vile niliishinda mimi. Sehemu kubwa aliishinda yeye kwa kusema kweli.

Baadaye mama wa mahindi alisimama akaeleza mafundi walivyong'oa kibao. PP akapinga picha zisipokewe mpaka aliyezipiga aje mwenyewe aseme ni zake. Alikuwa nje kwenye benchi, akaitwa. Hakimu akaandika hukumu kwamba Jamhuri haikuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Maneno hayo yashike. Mzigo wa kuthibitisha si wako. Wewe huendi pale kuonyesha kwamba ni malaika. Unaonyesha palipo na shaka, kwa kitu unachoweza kukigusa: shimo, risiti, namba ya tela.

Leo ningekuwa na swali jingine pia. Mara nyingi anayekusimamisha siye aliyeshika tochi. Mwenzake aliye nyuma amemtumia picha kwenye simu. Sheria ya Ushahidi inamtaka shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe, si alichoambiwa. Kwa hiyo omba kuiona picha pale pale barabarani. Tazama namba ya gari, saa, mahali. Kama ni gari lako na ni kasi yako, usihangaike kumsaka mwenye tochi. Lipa.

Na usifanye kama mpwa wako, aliyeikunja karatasi akaitia kwenye droo akidhani itajifia. Deni lile linakaa kwenye mfumo likisubiri, na ukikawia linaongezeka. Aliyenunua gari lake ndiye aliyelikuta, wakaja kugombana hapa uani kwangu.

Utaniuliza ile kesi ilinigharimu kiasi gani. Safari saba. Nauli, posho nilizokosa, mahindi ya mama yule, mpiga picha, na supu. Ilizidi faini mara nyingi. Sitakudanganya kwamba hesabu ilikuwa nzuri. Lakini mimi nilikuwa na makosa mawili kwenye faili, moja langu na moja la mwenzangu, na tajiri alishanionya kwamba la tatu ndilo la mwisho. Nilikuwa natetea usukani. Wewe angalia unatetea nini. Kama ni 30,000 tu na kibao kilikuwepo, muda wako ni ghali kuliko hapo.

Ukiamua kwenda, nenda mapema, vaa shati lenye kola, zima simu, na usimkatize hakimu. Shtaka likisomwa, omba uione hati kwa macho yako. Soma jina, soma namba ya gari, soma mahali, soma tarehe. Ninyi mna bahati. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Hutaweza kunijia hapa kusema hukuelewa, kama nilivyosema mimi. Ukiwa na "ndiyo, lakini", basi hiyo si "ndiyo". Iseme hiyo "lakini" yako mpaka mwisho, iandikwe. Na ukishindwa baada ya ushahidi kusikilizwa, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10. Siku 10 huisha upesi kwa mtu mwenye hasira.

Ile hukumu ya 2004 niliomba nakala, nikapewa, imegongwa mhuri. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na leseni zangu za zamani na picha mbili za shimo. Ina kurasa nne, na zote ni za Kiingereza. Najua mwisho wake, maana hakimu aliusoma nikiwa nimesimama. Katikati sijapata kuusoma. Ukija Jumapili usiwe na haraka. Kaa, unywe chai, unisomee.